Tafakari ya Juma: Nondo, Popo na Ushauri wa Kunyamaza



Wapendwa waamini na wasomaji wetu wa kila juma, neno nondo kwa wengi wetu lina maana mbili tu. Ya kwanza ni vile vyuma tunavyochangishana mwaka hadi mwaka kwa ajili ya nguzo za ukumbi wa parokia. Ya pili ni yule mdudu wa Injili ya Mathayo, atajwaye pamoja na kutu na mwivi kuwa mharibifu wa hazina za duniani. Juma hili tunakusudia kumtetea huyu wa pili. Mlaji wa nguo si nondo mwenyewe bali ni kiwavi wake, na katika maelfu kwa maelfu ya aina za nondo ni chache mno zinazogusa sufu. Wengine wote wana shughuli zao za usiku, nao wana adui wao wa usiku, yaani popo. Na hili ndilo lililotufanya tukae chini tuandike: viumbe hawa wasio na meno, wasio na kucha wala mwiba, wengi wao hujitetea kwa sauti.

Tunalileta jambo hili hapa kwa sababu upo ushauri mmoja tunaousikia mara kwa mara katika vikao vya usuluhishi, majumbani, na hata katika ofisi za parokia. Ushauri wenyewe ni huu: "Nyamaza, Mungu anaona." Huambiwa mjane ambaye shemeji zake wamehamisha mpaka wa shamba. Huambiwa binti aliyeletwa mjini kufanya kazi za ndani. Huambiwa hata mtoto, na huyo ndiye anayetusumbua zaidi usiku. Wanaoutoa ushauri huo mara nyingi wana nia njema, wanatafuta amani ya ukoo. Sisi tunaona ni ushauri mbaya, tena tunaona kwamba hautoki kwa Muumba. Lakini tuanze na popo.

Tusiwachanganye popo. Wale wakubwa wanaoning'inia katika miembe na kutumalizia mapera ni walaji wa matunda, nao hutegemea zaidi macho na pua. Tunaowasema hapa ni wale wadogo wakaao mapangoni, katika magogo yenye matundu na, kama kamati zetu za ujenzi zijuavyo vizuri, katika dari za makanisa. Hawa hula wadudu, na hutuondolea mbu na wadudu waharibifu wa mazao bila kudai posho.

Aliyeanza kuifungua siri yao alikuwa padre. Lazzaro Spallanzani, aliyezaliwa Scandiano nchini Italia mwaka 1729, alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Pavia. Mwaka 1793 aligundua kwamba bundi aliyeachiwa chumbani hujigonga huku na huko mshumaa unapozimwa, ilhali popo huendelea kuruka kana kwamba hakuna kilichotokea. Akawapofusha popo kadhaa, ukatili ambao leo tusingeukubali hata kwa jina la elimu, akawaachia. Walipokamatwa tena katika mnara wa kengele wa kanisa kuu la Pavia, matumbo yao yalikuwa yamejaa wadudu kama ya wenzao wenye macho. Mwaka uliofuata Louis Jurine wa Geneva aliziba masikio ya popo, na hapo ndipo walipoanza kugonga vizuizi. Spallanzani akarudia jaribio hilo, akakubali: popo huongozwa na masikio.

Hakuna aliyemsadiki. Georges Cuvier, mtaalamu mkubwa wa wanyama mjini Paris, aliamua kwamba popo hutumia hisia ya kugusa hewa kwa mabawa, na kwa kuwa alikuwa mkubwa, watu walimfuata yeye kwa zaidi ya miaka 100. Hoja yao ilionekana nzuri: popo arukapo hatusikii kitu, basi masikio yamsaidie nini? Ilikuwa hadi mwaka 1938, pale Donald Griffin, akiwa bado mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipowapeleka popo mbele ya chombo cha mwanafizikia G. W. Pierce kilichoweza kunasa sauti za juu mno. Chombo kikajaa kelele. Popo alikuwa akipiga ukelele muda wote. Ni sisi ndio tuliokuwa viziwi. Sikio la binadamu hukomea kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na sauti za popo walio wengi huanzia hapo kwenda juu. Popo hupiga sauti, mwangwi humrudia, na kwa mwangwi huo hujua kitu kiko umbali gani na kinaelekea wapi. Anapokaribia windo lake, huziharakisha sauti hizo hadi zikawa zaidi ya 100 kwa sekunde.

Sasa nondo naye anafanyaje? Nondo wa jamii nyingi wana masikio. Sikio la wengi wao ni dogo na la kimaskini kupita kiasi: utando mwembamba kifuani, na nyuma yake chembe mbili tu za neva zinazopokea sauti. Mbili! Sikio letu lina maelfu kwa maelfu. Kenneth Roeder wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, akishirikiana na Asher Treat, alitumia miaka mingi kuanzia ile ya 1950 kuzisikiliza chembe hizo mbili. Moja huamka hata kwa sauti hafifu, nyingine husubiri sauti kubwa. Basi popo akiwa mbali, labda mita 30, nondo husikia kupitia ile ya kwanza na kugeuza njia aondoke polepole. Popo akiwa karibu, ya pili nayo hulia, na nondo huvunja safari yake: hujizungusha, hujirusha chini majanini kama jiwe. Kwa kawaida nondo humsikia popo kabla popo hajapata mwangwi wa nondo. Sikio la chembe mbili limetosha kuokoa uhai wa vizazi visivyohesabika.

Wafugaji wa nyuki wa Tabora na kwingineko wanamfahamu nondo wa nta, yule ambaye viwavi wake huharibu masega ndani ya mizinga. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, mjini Glasgow, walitangaza kwamba mdudu huyo husikia hadi mitetemo 300,000 kwa sekunde. Hakuna popo anayejulikana ambaye sauti yake hufika huko. Miongoni mwa walio karibu zaidi ni popo mdogo aitwaye Cloeotis percivali, ambaye wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1901 kutokana na kielelezo kilichopatikana Takaungu, pwani ya Kenya. Huyu hupiga sauti yapata mitetemo 212,000 kwa sekunde, juu ya uwezo wa masikio ya nondo walio wengi, na chakula chake kikuu ni nondo. Kule Ulaya yuko mwingine, Barbastella barbastellus, anayetumia njia iliyo kinyume. Watafiti walionyesha mwaka 2010 kwamba yeye hunong'ona. Hupunguza sauti yake hata mara 10 hadi 100 kuliko popo wengine, na hivyo humfikia nondo kabla sikio lake halijashtuka. Tunawaomba wazazi waikumbuke tabia hiyo ya kunong'ona, tutaihitaji hapa chini.

Jambo moja zaidi kuhusu masikio, kisha tutakwenda kwenye sauti. Treat alimchunguza utitiri mdogo sana anayeishi ndani ya sikio la nondo na kuliharibu. Utitiri hao huingia katika sikio moja tu. Wa kwanza akishachagua sikio la kulia, wote wanaofuata huingia la kulia, na la kushoto huachwa salama. Nondo aliyezibwa masikio yote mawili angeliwa na popo, na utitiri wangeliwa pamoja naye. Hata mnyonyaji huyo, kwa maslahi yake mwenyewe, humwachia mwenyeji wake sikio moja la kusikia hatari.

Sasa sauti. Ipo jamii ya nondo ambayo wataalamu huiita Arctiinae, wengi wao wakiwa na rangi za kung'aa. Ubavuni mwa kifua wana kigamba chembamba chenye mikunjo. Msuli ukikivuta, mikunjo hubonyea mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja hutoa mlio mkali, kama kifuniko cha kopo kinapobonyezwa na kurudi. Nondo anaposikia popo amekwisha kumlenga, hujibu kwa mfululizo wa milio hiyo. Mwaka 1965 Dorothy Dunning na Roeder waliwazoeza popo kudaka funza waliorushwa hewani, kisha wakawapigia milio ya nondo iliyorekodiwa. Popo wakageuza njia na kuwaacha funza, ingawa funza wenyewe walikuwa chakula safi.

Kwa nini popo aogope mlio? Kwa sababu nondo wengi wa jamii hii ni wachungu. Wakiwa viwavi hula mimea yenye sumu na kuihifadhi sumu hiyo mwilini. Popo mchanga asiyejua kitu humkamata mmoja, huonja, hutema, na hukumbuka. Safari ijayo, akisikia mlio, hujua. Tafadhali tusilipite jambo hili haraka. Sumu peke yake ingemfundisha popo baada ya nondo kuumwa; pengine ingewafaa nduguze, lakini si yeye. Sauti huja kabla ya jino. Nondo husema angali mzima, na kwa sababu amesikika angali mzima, hapati jeraha. Sisi katika vikao vyetu tunafanya kinyume. Anapokuja mtu kusema kwamba anaogopa, tunamwuliza ushahidi uko wapi, na kwa ushahidi tunamaanisha jeraha. Tunamrudisha nyumbani akaliwe kwanza.

Msomaji mwerevu atatuuliza: je, hakuna nondo waongo? Wapo, na hatutawaficha. Mwaka 2007 Jesse Barber na William Conner, wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, walionyesha kwamba popo waliokwisha kujifunza kumkwepa nondo mchungu mwenye mlio humkwepa pia nondo wa aina nyingine mwenye mlio kama huo, hata kama huyu wa pili hana sumu kali. Anaishi kwa sauti ya kuazima. Na hapa ndipo wazee wetu husimama na kusema: "Umeona? Watoto wa siku hizi husingizia. Ukiwasikiliza wote utawafunga watu bure." Hoja hii tumeisikia ikisemwa kwa uchungu na watu wenye heshima, na haistahili kudharauliwa, kwa maana kusingiziwa ni jambo la kutisha. Lakini tuitazame vizuri. Ile sauti ya kuazima inamlinda mwongo kwa sababu moja tu, kwamba sauti za namna hiyo mara nyingi ni za kweli. Kama nyingi zingekuwa za uongo, popo angeshaacha kuzijali zamani. Popo hakuhitimisha kwamba, kwa kuwa baadhi ya milio ni ya kuazima, milio yote ni kelele. Mnyama wa porini amepima vizuri kuliko baadhi ya mabaraza yetu.

Wako na nondo wanaofanya jambo la tatu. Katika jimbo la Arizona, Marekani, yuko nondo mdogo aitwaye Bertholdia trigona. Mwaka 2009 Aaron Corcoran pamoja na Barber na Conner walionyesha kwamba huyu, popo anapomkaribia, hutoa milio hadi 4,500 kwa sekunde. Milio hiyo huingia katikati ya mwangwi ambao popo anausubiri, na popo hupoteza hesabu ya umbali. Hukosea kidogo tu, lakini kidogo hicho kinatosha, naye hupita pembeni akiwa na kinywa kitupu. Watafiti walipowaharibu baadhi ya nondo hawa kigamba chao cha mlio na kuwafanya mabubu, popo waliwakamata kwa wingi zaidi. Mwili ulikuwa ule ule na mabawa yale yale. Kilichopungua ni sauti tu.

Nondo wakubwa wa jamii ya Sphingidae, wale wenye ulimi mrefu ambao miongoni mwao wamo wachavushaji wa mipapai yetu, nao walionekana mwaka 2013 huko Borneo wakimjibu popo kwa kusugua ncha ya tumbo. Na kule Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Bristol, iliripotiwa mwaka 2019 juu ya nondo wadogo wa jamii ya Yponomeuta ambao hawana masikio kabisa. Kwa kuwa hawawezi kumsikia adui, hawasubiri. Bawa lao lina sehemu ndogo yenye mikunjo, na kila linapopigwa hulia lenyewe, safari yote. Chuo hicho hicho kilionyesha mwaka 2020 kwamba baadhi ya nondo viziwi wamevikwa manyoya yanayomeza sehemu kubwa ya sauti ya popo, hata asilimia 85, hivyo mwangwi hurudi hafifu. Kwa hiyo kunyamaza nako ni ulinzi kwa baadhi yao, tunakiri. Lakini tazameni ni nani aliyepewa ulinzi huo: ni yule asiyeweza kusikia, naye amepewa vazi zito la kuendana nao. Sisi tunampa mtoto ukimya bila vazi.

Lazima tuseme pia mipaka ya mfano huu, maana tumezoea kuvisukuma viumbe vya Mungu vihubiri mahubiri yetu. Popo hana dhambi. Zaburi ya 104 inatuonyesha wana-simba wakimwomba Mungu chakula chao, na popo yumo katika orodha hiyo ya wenye njaa halali. Mtu mzima anayemwinda mtoto hana njaa halali. Ana akili, ana dhamiri, na mara nyingi ana ufunguo wa nyumba. Wala nondo si mtakatifu. Tunachokiona kwa nondo ni kimoja tu, nacho kinatutosha: kiumbe dhaifu hakupewa udhaifu peke yake. Amepewa sikio na, mara nyingi, sauti. Tena mwaka 2019 Akito Kawahara na wenzake, walipolinganisha vinasaba vya nondo na vipepeo, walikuta kwamba baadhi ya jamii za nondo zilikuwa na masikio mamilioni mengi ya miaka kabla popo hajaonekana duniani.

Baadhi yenu mtatujibu kwa Maandiko, na ni haki yenu. Je, Bwana wetu hakunyamaza mbele ya Herode? Alinyamaza. Lakini usiku uliotangulia, katika nyumba ya kuhani mkuu, mtumishi mmoja alipompiga kofi, hakunyamaza. Kwa utulivu kabisa alimtaka aeleze sababu ya kumpiga. Yohane ameliandika hilo katika sura ya 18. Ukimya wa Bwana mbele ya Herode ulikuwa wa mtu aliyeutoa uhai wake kwa hiari. Hauwezi kuvuliwa kwake na kuvikwa mtoto wa miaka tisa ambaye hakuchagua lolote.

Sisi tungependa katika jambo hili tusome zaidi habari za Susana, sura ya 13 ya Kitabu cha Danieli, ambayo sisi Wakatoliki tunayo katika Biblia zetu na hatuisomi. Wazee wawili, waamuzi wa watu, wanamvizia mama huyu bustanini. Kwanza wanamnong'onezea: kubali, au tutakushuhudia vibaya. (Yule popo wa Ulaya.) Susana anapaza sauti kwa nguvu. Na mara wale wazee wawili nao wanapaza sauti juu yake, mmoja anakimbia kufungua malango, ili watu wanapofika wasikie makelele ya wengi na wasijue ni ya nani ya kusadiki. Kinga ya yule nondo wa Arizona imeshikwa hapa na mwenye nguvu. Kesho yake mkutano mzima unawasadiki wazee, kwa sababu ni wazee, na Susana anahukumiwa kufa. Anayemwokoa ni kijana Danieli. Tazameni alivyofanya. Hakudai kwamba kila mwanamke asadikiwe bila kuulizwa, wala kwamba wazee wote ni waongo. Aliwatenganisha wale wawili akamwuliza kila mmoja swali dogo: mliwaona chini ya mti gani? Kila mmoja akataja mti wake. Uchunguzi wa namna hiyo ndio unaomlinda aliyesingiziwa na aliyeonewa kwa pamoja. Kumnyamazisha mtoa taarifa hakumlindi hata mmoja wao.

Kanisa lenyewe limejifunza hili kwa aibu kubwa na kwa kuchelewa, katika nchi nyingi. Mwaka 2019 hayati Baba Mtakatifu Fransisko alitoa Barua ya Kitume iitwayo Vos estis lux mundi, ikarekebishwa na kuwa ya kudumu mwaka 2023. Kwa barua hiyo, kila mkleri na kila mtawa anayepata habari au sababu nzito za kuamini kwamba mtoto au mtu dhaifu amedhulumiwa kingono na mhudumu wa Kanisa, analazimika kutoa taarifa kwa wakubwa wa Kanisa bila kukawia. Tena aliyetoa taarifa hawezi kuwekewa sharti la kunyamaza juu ya yale aliyoyaeleza. Siri ya kitubio ni jambo jingine, nayo haiguswi. Lakini maongezi ya ofisini, sebuleni au kwenye gari la parokia si kitubio, na asitokee mtu, awe padre au katekista, akayavika joho hilo. Na kwa upande wa serikali, hapa Tanzania Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Maelewano ya kifamilia, mbuzi wawili na debe la pombe, hayafuti wajibu huo.

Basi, wenyeviti wa jumuiya ndogo ndogo, tunaomba haya yafanyike katika parokia yetu. Mtoto akisema kwamba mtu fulani humwita pembeni na kumwambia "hii ni siri yetu," asiambiwe anyamaze, asikaripiwe, wala asipelekwe kwanza mbele ya huyo anayemtaja ili "wapatanishwe." Asikilizwe na mtu mzima mmoja au wawili wenye utulivu, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, na siku hiyo hiyo taarifa ifike kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Asiyejua pa kuanzia apige namba 116, simu ya msaada kwa watoto. Akitajwa mhudumu wa Kanisa, yaani padre, mtawa, katekista au mwalimu wa kwaya, taarifa ifike pia kwa Askofu, wala msione haya kutupita sisi kama mnahisi tutakuwa kizuizi. Wajane wenye mashauri ya mashamba watafute nafasi baada ya Misa ya pili, wako walei wawili wenye ujuzi wa sheria waliojitolea kuwasaidia kuandika malalamiko.

Kuhusu popo wa darini, kamati ya ujenzi imeuliza kama wapuliziwe dawa. Tumejibu hapana. Ziba matundu baada ya wao kutoka jioni, ukihakikisha kwanza kwamba hawana watoto ndani, nao watatafuta makao mengine.

Maswali mliyotuletea juu ya ubatizo wa watoto wa ndoa mseto tutayajibu juma lijalo, Mungu akitujalia uzima.

Wenu katika Kristo,
Paroko